Cessna 206 na Grand Caravan: pistoni na turbini katika joto na miinuko ya Uganda

Uwanja wa ndege wa Kisoro, kusini-magharibi mwa Uganda, umekaa kwenye mwinuko wa karibu mita 1,890, Mlima Muhabura ukiusimamia kwa upande wa kusini, na rubani anayeondoka hapo saa saba mchana akiwa na ndege iliyojaa hahitaji kuelezwa na mtu tofauti ya pistoni na turbini. Ataiona mwenyewe kwa kipande cha uwanja kilichobaki mbele yake wakati magurudumu yanapoachana na ardhi. Nimeanza na Kisoro kwa makusudi, kwa sababu wengi wanaoniomba ushauri wa kununua ndege ndogo hapa Uganda huanza kwa kuuliza ipi ina mwendo mkubwa zaidi, na mimi naona hilo ni swali la nne. La kwanza ni nguvu inayobaki kwenye injini ndege ikiwa juu na jua likiwa kali. La pili ni mafuta utakayoyakuta pale utakapotua. La tatu, ambalo wanunuzi hulikwepa kwa sababu jibu lake huwaumiza, ni saa ngapi kwa mwaka ndege hiyo itakuwa angani kweli.

Ndege ninazozipima hapa ni mbili, na zote nimezirusha mwenyewe kwa miaka kadhaa. Ya kwanza ni Cessna 206 ya ubia wetu, mali ya watu watatu, yenye injini ya pistoni ya Continental IO-520 ya silinda sita na nguvu ya farasi 300 wakati wa kuruka. Ya pili ni Cessna 208B Grand Caravan ambayo nimekuwa nikiirusha kwa kukodiwa, yenye injini ya turbini ya Pratt & Whitney Canada PT6A-114A ya nguvu ya farasi 675. Najua kwamba si ndege za daraja moja: 206 huruka ikiwa na uzito usiozidi kilo 1,633, nayo Grand Caravan hufika karibu kilo 3,970. Hata hivyo ndizo ndege ambazo mwenye shamba, mwenye kambi ya watalii au shirika dogo la Uganda hukaa akizipima, kwa maana zote zina injini moja, mabawa ya juu na magurudumu yasiyokunjwa, na zote zimeundwa kwa viwanja vya changarawe na nyasi.

Inafaa kueleza kwanza mashine zenyewe zinavyofanya kazi, maana nimewasikia wasafiri wakidhani Caravan si ndege ya turbini kwa sababu ina pangaboi puani. Injini ya pistoni inajulikana na kila aliyewahi kufungua boneti ya gari: silinda, valvu, plagi na mlipuko mmoja baada ya mwingine. Kilichoongezwa kwenye ndege ni magineto mbili zinazotoa umeme wa plagi bila kutegemea betri, na mkono wa rubani wa kupunguza mafuta kadiri hewa inavyokuwa nyepesi. Turbini haina pistoni hata moja. Katika PT6 hewa huingia upande wa nyuma wa injini, hukandamizwa na kompresa ikielekea mbele, huchanganywa na mafuta na kuwaka moto usiokatika, na gesi hiyo ya moto huzungusha magurudumu mawili ya turbini yasiyounganishwa kwa mhimili mmoja. Gurudumu la kwanza huiendesha kompresa, na la pili huizungusha pangaboi kupitia giaboksi. Ndiyo maana mabomba ya moshi ya Caravan yako mbele, karibu na pua. Injini hiyo, yenye nguvu zaidi ya mara mbili ya ile ya 206, ni nyepesi kuliko injini ya silinda sita ya Lycoming IO-540 inayofungwa kwenye 206 za siku hizi. Kila ninapomwonyesha mwanafunzi hizo mbili zikiwa zimeshushwa karakanani, huniuliza kama nina hakika.

Sasa turudi kwenye mwinuko, kwa kuwa hapa ndipo Uganda inapotofautiana na nchi za pwani. Entebbe, uwanja wetu ulio chini kuliko vingi vya kusini-magharibi, uko futi 3,782 juu ya usawa wa bahari. Siku ya nyuzi 28 za Selsiasi, hewa ya Entebbe ina wepesi wa hewa iliyo kwenye futi 6,200 hivi katika hali ya kawaida ya vitabu, na injini ya pistoni isiyo na turbochaja, kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi, hupumua kile kilichopo. Kwa hesabu ya kawaida, farasi wangu 300 hubaki karibu 240 kabla sijapakia mtu. Kisoro, mchana wa nyuzi 22, hewa huwa kama ya futi 8,500, na farasi hao hushuka hadi karibu 225. Robo nzima ya injini niliyoinunua inabaki bondeni. Wakati huohuo bawa nalo linahitaji mwendo mkubwa zaidi ardhini ili liibebe ndege, kwa hiyo nguvu imepungua na kazi imeongezeka kwa mara moja.

Turbini nayo hupungukiwa na nguvu juu, asikudanganye muuzaji. Tofauti ni kwamba watengenezaji wa PT6 huifunga kwenye ndege ikiwa na uwezo mkubwa kuliko ule inaoruhusiwa kuutoa. Chini, rubani husimamishwa na kikomo cha msokoto wa giaboksi na pangaboi, ingawa moto wa ndani ungeweza kuzidi hapo. Akipanda, anasogeza mkono mbele zaidi na kuendelea kupata nguvu ileile, mpaka afike mahali ambapo joto la gesi ndani ya injini ndilo linalomsimamisha. Kwa safari ya Kisoro asubuhi, nikiwa na Grand Caravan, nguvu ninayoiona kwenye kipimo wakati wa kuruka inakaribiana sana na niliyoiona Entebbe. Mchana wa joto kali joto la injini hutangulia kugonga kikomo, na hapo napunguza kama kitabu kinavyotaka. Lakini napunguza kutoka kwenye akiba, wakati kwenye 206 nilikuwa nimekwisha kupunguziwa kabla sijaiwasha.

Nimewahi kuondoka Kisoro na 206 nikiwa na abiria wawili badala ya wanne, mizigo yao ikifuata kwa gari hadi Mbarara. Hesabu ya kitabu ilikubali abiria watatu. Mimi nilikataa, kwa kuwa nyasi zilikuwa na maji ya mvua ya usiku na ukungu ulichelewa kuinuka mpaka saa tano. Mwenye safari alikasirika, na nilimwelewa, maana alikuwa amelipia viti vinne. Anayenunua ndege ya pistoni kwa ajili ya kusini-magharibi ajue mapema kwamba siku nyingi atakuwa ananunua ndege ya viti vitatu.

Kuna jibu la kati, nalo ni turbochaja. Cessna ilipoanza tena kuunda 206 mwaka 1998 ilitoa pia T206H yenye injini ya Lycoming TIO-540 ya farasi 310, ambayo huishika nguvu yake yote juu kuliko kiwanja chochote cha Uganda. Nimeirusha kwa muda mfupi na niliipenda. Kwa Kabale na Kisoro inaondoa sehemu kubwa ya wasiwasi niliouelezea, ingawa haiondoi wepesi wa hewa chini ya bawa. Gharama yake ni joto: silinda hufanya kazi zikiwa moto zaidi, rubani hatakiwi kushusha nguvu ghafla wakati wa kuteremka, na turbochaja yenyewe ni kifaa kingine cha kuharibika mbali na karakana. Kwa mwenye nidhamu ni ndege nzuri. Kwa ndege inayopokezanwa na marubani watano wenye mikono mitano tofauti, nisingeishauri.

Upande wa mwendo na mafuta, nitatumia safari ninayoifahamu zaidi, kutoka Entebbe hadi Kidepo, mbuga iliyo Karamoja, kaskazini-mashariki mwa nchi, ambayo kwa mstari ulionyooka ni karibu kilomita 434. Kwa 206 ninahesabu mwendo wa kilomita 240 kwa saa na kufika baada ya saa moja na dakika 50 hadi saa mbili, nikitumia takriban lita 58 kwa saa. Grand Caravan inakwenda kilomita 305 kwa saa hivi na kufika kwa karibu saa moja na nusu, lakini inakunywa lita 190 kwa saa. Kwenda na kurudi, 206 hutumia karibu lita 220 na Caravan karibu lita 560. Anayesimama hapo atasema turbini ni mlafi, na kwa kila nguvu ya farasi inayotolewa ni kweli: pistoni hutumia mafuta kwa uangalifu mkubwa zaidi, hasa chini ya futi 10,000 tunakoruka sisi, na turbini hula hata ikiwa imesimama inasubiri ruhusa ya kuingia njia ya kurukia. Lakini wagawie abiria. Wanne kwenye 206 wanatumia lita 55 kila mmoja, na kumi kwenye Caravan lita 56. Tofauti imekwisha. Siku ambayo Caravan inabeba wanne tu, kila mmoja anabebeshwa lita 140, na hiyo ndiyo siku ambayo wenye Caravan hawapendi kuizungumzia.

Anayetaka ulinganisho wa haki zaidi, wa mwili mmoja wa ndege wenye injini mbili tofauti, aangalie familia ya Piper PA-46. Malibu Mirage, ambayo sasa huitwa M350, ina pistoni ya Lycoming ya farasi 350 na mwendo wa juu wa safari wa kilomita 395 hivi kwa saa. Ndugu yake Meridian, siku hizi M500, alipewa PT6A ya farasi 500 na hufikia karibu kilomita 480, tena kwenye futi 30,000 badala ya 25,000. Kilomita 85 kwa saa zina maana kubwa kwa mtu wa Entebbe anayekwenda Kigoma au Juba kila wiki. Kwa anayekwenda Kasese, ni dakika chache tu.

Mafuta yenyewe ndiyo yaliyonibadilisha mawazo kuliko mwendo. Injini ya pistoni ya 206 inataka avgas 100LL, petroli ya ndege iliyotiwa rangi ya buluu na ambayo mpaka leo ina madini ya risasi ndani yake. Turbini inataka Jet A-1, ambayo ni ya jamii ya mafuta ya taa na ndiyo inayonywewa na kila ndege kubwa inayotua Entebbe. Mzigo wa Jet A-1 unakuja nchini kwa wingi kwa sababu mashirika makubwa yanaihitaji kila siku. Avgas inasubiriwa na sisi wachache wenye ndege ndogo na shule za urubani, husafirishwa kwa kiasi kidogo kutoka mbali, na bei yake kwa lita huwa juu ya ile ya Jet A-1. Nimeshuhudia wiki ambazo 206 yetu ilikaa chini ikiwa nzima kabisa, haina kasoro hata moja kwenye daftari, kwa sababu tu pipa la avgas tuliloahidiwa na muuzaji mmoja halikufika. Safari mbili tulizikodia Caravan, na fedha iliyokwenda huko ilifuta faida ya miezi mitatu. Mashirika ya misheni yanayoruka maeneo ya ndani ya Afrika yaliliona jambo hili mapema, na ndiyo sababu moja kubwa ya wao kuhamia Caravan na Kodiak, ndege ambayo iliundwa tangu mwanzo kwa kufikiria kazi hiyo, ikiwa na PT6A-34 ya farasi 750.

Watu huniuliza kwa nini nisijaze petroli ya kituoni, ile wanayojaziwa bodaboda. Kuna ndege za mgandamizo mdogo zilizoidhinishwa kuitumia, lakini IO-520 yangu si mojawapo: mafuta ya okteni ndogo yangelipuka ndani ya silinda kabla ya wakati wake na kuzipasua pistoni tukiwa juu ya Ziwa Viktoria. Hatari iliyo kubwa zaidi ni Jet A-1 kuingizwa kimakosa kwenye ndege ya pistoni. Injini huweza kuwaka na kukimbia vizuri kwa avgas iliyobaki kwenye mabomba, kisha ikafa muda mfupi baada ya kuruka. Kinyume chake si kibaya kiasi hicho, kwani PT6 inaruhusiwa kuchoma avgas wakati wa dharura kwa jumla ya saa 150 kati ya ukarabati mkuu mmoja na mwingine. Kwa hiyo naomba kila mwenye 206 asimame mwenyewe kando ya mjazaji, aone rangi ya buluu kwa macho yake na kunusa vidole vyake, hata kama mjazaji ni rafiki wa miaka kumi.

Kuna mlango mmoja ambao pistoni na turbini huachana kabisa, nao ni kuwasha injini ambayo bado ina joto. Umetua Kidepo saa sita, abiria wamekula, na baada ya dakika arobaini mnataka kurudi. Kwenye 206, mafuta yaliyo ndani ya mabomba membamba juu ya silinda yamekwisha kugeuka mvuke. Unazungusha stata, injini inakohoa, inashika, inazima. Kuna utaratibu wake wa pampu na wa mkono wa mafuta, na kila rubani aliyesoma chuo cha urubani cha Soroti aliufundishwa, lakini jua la Karamoja huujaribu utaratibu huo mbele ya abiria wanaotazama saa zao. Hasara yake ni jasho na betri.

Kwenye Caravan kuwasha ni kitendo cha utulivu zaidi, na ni cha hatari zaidi kwa mfuko. Unawasha stata, unangoja kompresa ifike kasi inayotakiwa, unafungulia mafuta, kisha macho hayabanduki kwenye kipimajoto. Betri ikiwa dhaifu, kompresa haizunguki vya kutosha, hewa ya kupoza ni kidogo, na joto linapanda kwa namna ambayo mkono usipokuwa tayari kuyafunga mafuta, vipande vya turbini vinaungua ndani ya sekunde chache. Fundi mkuu aliyenipa mafunzo ya Caravan, mtu mzima aliyeanza kazi enzi ambazo mimi nilikuwa darasa la tatu, alikuwa akisimama nje ya dirisha langu kila asubuhi.

"Kapteni, betri inasoma ngapi?" ndilo lililokuwa jambo lake la kwanza, kabla hata ya salamu.

Siku moja nilimjibu kwamba inatosha.

"Mzee wangu hakunifundisha inatosha," alisema. "Nitajie namba."

Nilimtajia namba, ilikuwa chini, akaenda kuleta kigari cha umeme cha kuwashia. Baadaye niliona katika karakana nyingine kile alichokuwa ananikinga nacho: injini ya PT6 imefumuliwa mezani, ncha za turbini zikiwa zimeliwa kama mshumaa, kwa sababu ya rubani mmoja aliyewasha kwa betri iliyochoka kwenye kiwanja cha mbali. Ndege hiyo ilikaa chini miezi. Silinda moja ya 206 iliyopasuka, nasi imewahi kutupata, hubadilishwa pale pale ilipo ndege ikiwa silinda nyingine imeletwa kwa gari, kazi ya siku mbili kwa mafundi wawili wazuri. Sijaona mtu akitengeneza turbini iliyoungua chini ya mti.

Hilo linatufikisha kwenye fedha. Continental ya 206 yetu inapendekezewa ukarabati mkuu kila baada ya saa 1,700, au miaka 12 ikiwa saa hizo hazijatimia, na gharama yake ni makumi ya maelfu ya dola. PT6A-114A hufika saa 3,600, na katikati ya safari hiyo hufunguliwa sehemu ya moto, yaani pale mafuta yanapowaka na turbini zilipo, ili ikaguliwe, lakini ukarabati wake mkuu unahesabiwa kwa mamia ya maelfu ya dola. Grand Caravan EX mpya, yenye PT6A-140 ya farasi 867, bei yake ni zaidi ya dola milioni 2. 206 ya miaka ya 1970 au 1980 iliyotunzwa hupatikana kwa sehemu ndogo ya hizo. Kati ya ukarabati na ukarabati, turbini hukusumbua mara chache sana. Haina plagi zinazojaa risasi, haina magineto za kufunguliwa, haina silinda sita za kupimwa mgandamizo. Pistoni hudai kidogo kidogo kila mwezi, na turbini hukaa kimya muda mrefu kisha hudai nyumba.

Kwa hiyo saa za mwaka ndizo zinazoamua. Ubia wetu huruka saa 150 kwa mwaka. Kwa kiasi hicho, PT6 ingehitaji miaka 24 ili zifike saa 3,600, na fedha nyingi ingekuwa imelala kwenye chuma kinachosubiri. Wala kusubiri si bure kwa injini yoyote hapa kando ya ziwa, ambako hewa ya asubuhi ni nzito kwa unyevu. Lycoming za silinda sita hupata kutu kwenye kemshafti, mhimili unaofungua valvu, iliyo sehemu ya juu ambako oili huteremka na kuiacha kavu. Turbini nayo hupata kutu kwenye kompresa. Kampuni inayoruka saa 600 au 700 kwa mwaka ikiwapeleka watalii Kihihi, Kasese, Pakuba na Kidepo iko katika hesabu nyingine kabisa, na ninapoona kampuni za namna hiyo zimejaa Caravan pale Entebbe na Kajjansi, naona uamuzi wa watu waliopiga hesabu sawasawa.

Kuhusu usalama sitaki kuwatisha wenye pistoni, maana mimi ni mmoja wao, lakini nitasema ninavyoamini. Ndani ya turbini sehemu kuu huzunguka tu bila kwenda na kurudi, hazigongani, hazitikisiki, na kwa sababu hiyo huchoka polepole zaidi. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, katika Kiambatisho cha 6, linaziruhusu nchi kuidhinisha ndege ya injini moja ya turbini kubeba abiria wa kulipa usiku au ndani ya mawingu, ikitimiza masharti maalumu. Mlango huo haukufunguliwa kwa injini moja ya pistoni. Nikivuka pembe ya ziwa jioni, ngurumo zikianza kujikusanya upande wa visiwa vya Ssese, kifua changu kina utulivu zaidi nyuma ya PT6. Aidha, pangaboi ya Caravan inaweza kugeuzwa irudishe upepo mbele wakati wa kutua, jambo ambalo kwenye kiwanja kifupi chenye matope lina thamani kuliko breki. Kwa viwanja vya vumbi kuna mlango wa hewa unaozitenga chembe kabla hazijaingia kwenye kompresa. Hula nguvu kidogo, na Karamoja mimi huufungua bila kujiuliza mara mbili.

Abiria hupenda Caravan, hilo halina mjadala. Mtikisiko ni mdogo, mlango ni mpana, na wazee hupanda kwa ngazi badala ya kuinuliwa. Kelele bado ipo kwenye zote mbili, hivyo vaeni vizibo vya masikio.

Siku hizi kuna njia ya tatu ambayo nadhani itawafaa wengi kuliko hizi mbili: injini ya pistoni ya dizeli inayochoma Jet A-1. Diamond DA40 NG hutumia Austro AE300 ya farasi 168 yenye turbochaja, na hutumia kiasi cha lita 20 tu kwa saa katika mwendo wa safari. Mkono wa nguvu ni mmoja, kompyuta hupanga mafuta, na tatizo la avgas linaisha siku hiyo hiyo. Ni ndege ya viti vinne, na kwa mizigo ya shamba haitoshi. Lakini kwa daktari au mfanyabiashara anayesafiri na mwenzake mmoja kati ya Entebbe, Gulu na Arua kwenye viwanja vizuri, ningeipendekeza kabla ya 206 na kabla ya turbini yoyote. Shule zinazowafunza vijana wetu nazo zingenufaika. Chuo cha Soroti kilianzishwa mwaka 1971, enzi za Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki, ili Waganda, Wakenya na Watanzania wasomee hapahapa nyumbani, na hakuna kinachoumiza kama kumwona mwanafunzi wa urubani, popote alipo, akikaa chini kwa sababu ya pipa la mafuta.

Baada ya kuzipima hesabu hizi zote mezani, sisi watatu tuliamua kubaki na 206. Saa zetu 150 haziwezi kuilisha turbini, na safari zetu nyingi ni za watu wawili na vifaa vya shamba kwenda Masindi na Kasese, kazi ambayo pistoni huifanya kwa gharama tunayoimudu. Kwa Kisoro na kwa Kidepo yenye kundi la watu tunaikodi Caravan pamoja na rubani wake, na tunaandika tarehe hizo mapema mwanzoni mwa msimu wa kiangazi. Tulijenga pia stoo ndogo yenye kivuli na kuanza kuagiza avgas kwa mapipa yaliyofungwa kiwandani, ya kututosha miezi miwili, kila pipa likiwa na tarehe na likipimwa maji kabla ya kufunguliwa.

Anayeamua kununua turbini iliyotumika, asiishie kutazama rangi na viti. Aombe daftari la injini tangu ilipotoka kiwandani, atazame kila mara joto la kuwashia lilivyoandikwa, aulize sehemu ya moto ilikaguliwa lini na nani alitia saini, na alinganishe joto na msokoto wa mwaka jana na wa mwezi huu kwenye mwinuko uleule. Injini inayotoa nguvu ileile kwa joto linalozidi kupanda mwezi hadi mwezi imekwisha kuchoka, hata kama muuzaji ameipaka rangi mpya. Kwa pistoni, apime mgandamizo wa silinda zote sita injini ikiwa ya moto, akate chujio cha oili kutafuta chembe za chuma, kisha amwombe mwenyewe aiwashe mara mbili: asubuhi ikiwa baridi, na mchana dakika arobaini baada ya kutua.